Presque Isle wakati wa winta: bure kabisa ila baridi yake usiichukulie poa

Nyota 4 na nusu. Ile nusu nimeinyima kwa sababu ya upepo, nitafika huko.

Kwa wale ambao bado wageni hapa Erie, Pennsylvania, Presque Isle ni ile hifadhi ya jimbo iliyochomoka ikaingia ziwa Erie kama mkono uliokunjwa, hata ukiwa mjini ukiangalia ng'ambo ya maji unaiona. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunajua presqu'île ni rasi, yani kisiwa ambacho kilitaka kuwa kisiwa kikaishia njiani, lakini ukijifanya kutamka Kifaransa chako hapa hakuna atakayekuelewa, wenyeji wanasema "Presk Ail" na wewe sema hivyohivyo yaishe. Kiangazi kila mtu anapajua, kwa mwaka wanaingia watu zaidi ya milioni 4, nyama choma, muziki, watoto ndani ya maji, paking hupati. Ikifika Novemba wote wanayeyuka. Na mimi nilikuwa hivyohivyo, miaka minne nzima najua pale ni mahali pa Julai tu, winta ni kazini nyumbani kazini, pazia limefungwa, hita inanguruma, simu mkononi, kilo zinaongezeka.

Aliyenitoa ndani ni mama. Mama kazaliwa Baraka kule Kongo, ukingoni kabisa mwa ziwa Tanganyika, baba yake alikuwa mvuvi wa dagaa, na hata miaka yote ile tuliyokaa kambi ya wakimbizi Nyarugusu, Tanzania, ambako hakuna ziwa wala dalili ya ziwa, hadithi zake zote zilikuwa za mitumbwi na karabai usiku. Sasa kafika huku tumempokea, siku ya tatu tu anauliza, nasikia kuna ziwa hapa, mbona hamunipeleki? Ilikuwa Januari. Nikamwambia mama limeganda. Akaniangalia vile anavyoniangaliaga tangu nina miaka sita nikidanganya. "Ziwa haigandaki." Basi, Jumamosi nikampakia yeye na watoto wawili, twende ukaone mwenyewe.

Ushauri wangu wa kwanza, usikimbilie ndani moja kwa moja. Pale mlangoni kuna jengo kubwa linaitwa Tom Ridge Environmental Center, lipo tangu 2006, kuingia bure, lina joto, na lina mnara wa vioo wa futi 75 ambao ukiwa juu unaona ziwa upande mmoja na bay, yani ghuba, upande mwingine. Chini kuna maonyesho ya wanyama na jinsi ule mchanga unavyohama mwaka hadi mwaka, watoto wangu waligoma kutoka. Na kuna choo. Nakazia hapo, kuna choo kizuri cha moto, kitumie hata kama hujabanwa, maana ukishaingia kule ndani na watu umewavalisha suruali tatu tatu, utanikumbuka.

Baada ya hapo barabara inazunguka yote kama maili 13, unaendesha polepole, miti huku, maji kule. Hakuna kiingilio, hakuna tiketi, mchana tu lakini, kulala hawaruhusu.

Tulivyofika ufukweni mama hakushuka kwenye gari. Alikaa mlango uko wazi, mguu mmoja nje, anaangalia. Maana huoni ziwa, unaona nyeupe, nyeupe mpaka inapokutana na mbingu nayo nyeupe, na mbele kabisa karibu na ufukwe kuna vilima vya barafu kama vichuguu, vingine virefu kunizidi, vingine vina tundu juu na wimbi likipiga kwa chini maji yanaruka kupitia lile tundu kama birika linalochemka. Akaniambia taratibu, "Sasa samaki wako wapi?" Nikamwambia wako chini mama, wamefunikwa. Akasema "Maskini."

Hivyo vilima jamani, kwa heshima zote, MSIPANDE. Najua picha inatoka kali, nimewaona vijana wetu wakipozi huko juu. Mawimbi yanarusha maji na mabonge ya barafu na mchanga, vinagandiana, vinapanda siku hadi siku, lakini ndani vingine viko wazi kama chungu na chini yake ni maji. Ukitumbukia hakuna wa kukuvuta. Piga picha ukiwa kwenye mchanga, simu zina zoom.

Nikarudi nyumbani nikasoma kwanini ziwa Erie linaganda hivi na nikampelekea mama majibu, akaridhika. Ni ziwa kubwa kweli, ukisimama pale Canada huioni, lakini kina chake ni kifupi, wastani mita 19 tu na pale penye kina kabisa ni mita 64. Tanganyika ni 1,470. Kwahiyo hili linapoa upesi kama chai kwenye sahani, na lile la kwetu hata ungelipelekea baridi yote ya Pennsylvania sidhani kama lingegeuza shingo. Alafu hii theluji yetu ambayo kila mtu anailaani inatoka humohumo ziwani, upepo mkavu wa baridi unapita juu ya maji ambayo bado yana uvuguvugu, unabeba mvuke, ukigusa nchi kavu unautua wote juu ya paa zetu. Waliokuwepo Krismasi ya 2017 wanajua, inchi 34 siku moja, watu walitafuta magari kwa fimbo. Ziwa likishaganda zaidi ule mchezo unapungua.

Sasa ndege, ambao ndo sababu ya kuandika hii.

Winta usitafute ndege, tafuta maji. Hii nimeifundishwa na mzee mmoja wa Kizungu ambaye nitamsema hapa chini na ni kweli tupu. Lagoon, yani vile viziwa vidogo vya ndani, zimeganda, bay imeganda, kwahiyo kila kiumbe kinachoogelea kinabanana pale palipobaki wazi, na mara nyingi ni kwenye ule mfereji wa meli kule mwisho upande wa mashariki, penye gati refu na taa ndogo ya North Pier. Sisi tulikuwa tunazunguka na gari masaa mawili tunaona shakwe tu, shakwe, shakwe, mdogo wangu wa kiume alikuwa ameshaanza kunitumia meseji za kejeli, kufika pale kwenye mfereji tukakuta kama soko la asubuhi.

Mabata, lakini si haya mabata uliyozoea. Kuna mmoja anaitwa goldeneye, jicho la njano kama limewashwa, kwenye shavu ana doa jeupe la duara kama mtu kamgusa kwa kidole chenye unga, kichwa unaona cheusi ila jua likipiga kinageuka kijani. Anazama bila kuaga, mwanangu akahesabu mpaka ishirini na kitu, anaibukia kwingine kabisa, maji yanamteleza mgongoni kama amepakwa mafuta. Na madume, Januari hiyo, baridi inakata masikio, wao wako kwenye kutongoza, anatupa kichwa nyuma mpaka kinalala mgongoni, mdomo juu, alafu anarudi kawaida kama hakuna kilichotokea. Majike hata hawaangalii. Wakiruka mabawa yao yanapiga mluzi, kweli mluzi, unawasikia kabla hujawaona.

Wengine tuliowaona ni bufflehead, kadogo kama kikombe, keusi na keupe, na merganser ambao midomo yao ina meno meno kama msumeno kwa ajili ya kushika samaki, na kuna mmoja mwenye mkia mrefu mwembamba ambaye mzee alisema anazama mita nyingi sana chini kuliko hao wengine. Swani sikuwaona Januari, wale weupe wa kaskazini kabisa wanapita zaidi Novemba na Desemba wakienda pwani ya Atlantiki, wanarudi tena Machi, nawasubiri.

Huyo mzee sasa. Alikuwa peke yake na darubini kubwa ya miguu mitatu, ametulia kama mlinzi wa benki. Watoto wakamzunguka, mi naogopa wasije wakaiangusha, unajua bei za vitu hivyo, yeye mwenyewe akaishusha ile miguu mpaka kimo cha yule wangu mdogo, akamwambia angalia. Kitoto kikanyamaza dakika nzima. Hajawahi kunyamaza dakika nzima. Mama naye akaitwa, akavua miwani, akaangalia, akasema "Anapepesa jicho." Basi, wakawa marafiki, yule hajui Kiswahili, mama hajui Kiingereza, wanaonyeshana kwa mikono nusu saa.

Mwanangu akauliza kitu ambacho na mimi nilikuwa najiuliza, mbona miguu yao haigandi na hawajavaa viatu? Mzee akaeleza, nikatafsiri nilivyoweza: mshipa unaoshusha damu ya moto mguuni umebanana na mshipa unaopandisha damu baridi, kwahiyo ile ya moto inampa mwenzie joto njiani, mguuni inafika imeshapoa kidogo, inatosha tu isigande, na mwilini inarudi imeshapashwa. Joto halipotei. Mama akasema wenzetu wameumbwa, sisi tumepewa soksi.

Soksi zenyewe ndo zimeniangusha. Nilinunua buti kwenye duka moja hapa mjini sitalitaja, muuzaji kaniapia hazipitishi maji, dola 60 nikatoa, saa moja kwenye theluji kidole gumba kinaogelea. Somo ni kwamba ukinunua buti angalia kama chini zimeunganishwa na raba nzima kipande kimoja, kama kuna mshono mahali theluji inafika, maji yatapita hapo uapiwe usiapiwe. Siku hiyo ilikuwa nyuzi 14 za huku, yani hasi 10 kwa hesabu za kwetu, na upepo wa ziwani kule kwenye gati haupigi, unachoma, unaingia kwenye mkono wa jaketi unatokea shingoni. Hiyo ndo nusu nyota yangu. Hakuna kibanda cha kujificha ukiwa gatini, ni wewe na Muumba wako. Vaa mzula unaofunika masikio, skafu mpaka puani, glovu zile za kidole gumba peke yake na vingine pamoja zinashinda za vidole vitano. Simu weka mfuko wa ndani karibu na mwili, yangu ilikuwa asilimia 60 ikazima ghafla, kuipasha ndani ya gari ikawaka tena na 55. Na beba chupa ya chai, tangawizi iwe kali, maana vibanda vya chakula vya kiangazi vinakuwa vimefungwa.

Darubini si lazima ununue ya bei. Yangu nimeitoa duka la mitumba dola 15, imeandikwa 8x42, maana yake inavuta mara nane na kioo cha mbele ni milimita 42, hiyo ndo saizi wanayosifia wengi, ukichukua inayovuta sana mkono ukitetemeka na baridi huoni kitu. Pia kuna programu ya simu inaitwa Merlin, ya chuo cha Cornell, bure, inasikiliza sauti ya ndege inakwambia ni nani. Pale msituni tulisimama dakika tano ikatutajia wanne. Mmoja ni chickadee, kale ka kofia nyeusi ambako kanajitaja jina kenyewe, kananenepeana kama mpira wa soksi kwa kutunisha manyoya, na usiku kanashusha joto la mwili makusudi ili kasimalize mafuta. Na yule mwekundu, cardinal, dume lake kwenye theluji linaonekana kama mtu kaangusha kitambaa. Usiwape chakula lakini, hifadhi hairuhusu kulisha wanyama, mandazi yako kula mwenyewe.

Wiki mbili baadae tukaenda Gull Point, ile ncha ya mwisho. Hapo sasa winta ndo ina faida, kwa sababu kuanzia Aprili 1 mpaka Novemba 30 kipande kikubwa cha ile ncha kinafungwa ili ndege wa ufukweni wapumzike na kuzaa, kwahiyo ukitaka kufika mwisho kabisa ni miezi hii ya baridi. Unaacha gari Beach 10, unatembea. Njia ina maji ya kuganda sehemu sehemu, polepole.

Kule ndo tulikutana na bundi. Mchana kweupe. Mwanzoni nilidhani ni mfuko wa plastiki umeshikwa kwenye mchanga, kuweka darubini mfuko ukageuza kichwa. Mweupe, ana vidoti vyeusi, macho ya njano amefumba nusu kama mtu kwenye ibada ndefu. Hao wanatoka Aktiki huko juu, winta nyingine wanashuka wengi nyingine hawaonekani, na wanapenda pale kwa sababu pako tambarare kama kwao. Watu wanaendesha gari kutoka mbali kuja kumtafuta huyo ndege, mimi nimempata kwa bahati, nimefurahi, nageuka kumwonyesha mama, mama ameshageuka nyuma anarudi kwenye gari. "Musimuonyeshe kidole! Bundi ya mchana, tena ya rangi ya sanda, nyie watoto munacheza." Nikamfuata nikijaribu kumweleza kwamba huku ni ndege tu kama kuku. Akaniuliza, kwani kule kwetu hakuwa ndege? Nilikosa jibu na sijalipata mpaka leo. Tulimwacha bundi mita mia na zaidi, ambayo nasikia ndo adabu yenyewe, ukimsogelea akaruka unamchosha na nguvu anazihitaji.

Wakati wa kurudi unapita Misery Bay, yani ghuba ya taabu. Jina halijatoka hewani, baada ya vita vya ziwani vya Septemba 1813 mabaharia wa Perry, kamanda wa Wamarekani waliopigana na Waingereza, walikaa hapo winta nzima, ndui ikawaingia, wengi wakafa. Kuna mnara wa kumbukumbu wa 1926. Mi nilipita nikiwa ndani ya gari lenye hita na bado nilitetemeka, nikawafikiria.

Lakini kwa mama Misery Bay ndo imekuwa pepo yake, maana hapo barafu ikishakuwa nene wanakaa wavuvi. Wametoboa vitundu, kila mtu kakaa juu ya ndoo, wengine wana vihema, fimbo fupi kama ya mtoto, kimya. Kwa pembeni yupo tai wa kichwa cheupe kasimama juu ya barafu anasubiri mabaki. Mama akamwona, "Si furukombe yule!" Na kweli ni wa ukoo mmoja na furukombe, ila wa kwetu weupe unashuka mpaka kifuani, huyu kaishia shingoni. Na sauti, jamani, ukubwa wote ule akilia ni kama kifaranga, mama alicheka mpaka akakaa chini.

Nilitaka tuangalie kutoka ufukweni, yeye akashaingia. Wanasema kwa mtu kutembea inatakiwa angalau inchi 4 za barafu safi, na wavuvi walikuwa wamekaa huko tangu asubuhi, sawa, lakini mimi moyo ulikuwa kwenye ulimi. Akaenda mpaka kwenye tundu la jamaa mmoja, akainama, akachungulia maji meusi, akaingiza kidole. Jamaa akacheka akampa samaki watano kwenye mfuko. Wanawaita perch, ukisikia hivyo utadhani sangara, wala, hawa ni wa kiganja tu, wana mistari mgongoni na miiba inachoma. Nyumbani akawakaanga, akawaunga na nyanya na mawese, bugali pembeni. Wadogo, watamu, hakuna aliyeongea mezani.

Sasa kila Ijumaa usiku ananiuliza kesho barafu ipo? Leseni nishaulizia, Pennsylvania kuanzia miaka 16 lazima uwe nayo, hiyo nitamkatia. Ndoo ninayo. Mwenye ile keekee kubwa ya kutobolea barafu, hata iliyotumika, anayeuza kwa bei ya undugu, aniandikie hapa chini, na kama una kihema pia nitakichukua, ule upepo nimeshasema.